Kansa ya utumbo inayotibika kwa tetrasaiklini, ila uwahi

Ukimwambia mtu kwamba kuna kansa inayotibiwa kwa tetrasaiklini atakuuliza unauza nini, na ana haki, manake tumechoka na wale jamaa wenye dawa moja ya kansa, ini, kisukari na nguvu za kiume humohumo kwenye chupa ya maji. Lakini hii ipo kweli. Ni limfoma, yani kansa ya seli za kinga, ya utumbo mwembamba, ni adimu sana, na kwenye hatua yake ya mwanzo kabisa matibabu yake ni antibayotiki, vidonge vya kumeza nyumbani kwa miezi sita au zaidi, bila kemo na bila mionzi. Ikishavuka hatua hiyo inageuka kansa kali kama kansa kali nyingine yoyote na hivyo vidonge peke yake havitoshi tena. Kwa hiyo maswali yote ya huu ugonjwa yanarudi kwenye moja: uko hatua gani, na huyo aliyekwambia uko hatua hiyo aliangalia nini.

Mi kazi yangu ni maabara, upande wa vinyama. Daktari akikata kipande kwenye mwili wako kinakuja kwetu kikiwa kwenye fomalini, tunakigandisha kwenye nta, tunakikata vyembamba sana, tunakipaka rangi, alafu mwanapatholojia anakiangalia kwenye hadubini. Mgonjwa simwoni kabisa. Ndo maana huu ugonjwa umenikaa kichwani, kwa sababu ni mojawapo ya magonjwa ambayo kipande kimoja kilichokatwa sehemu siyo kinaweza kumpeleka mtu njia ya makosa kabisa.

Tuanze na majina manake hapo ndo watu wanapopotea. Ukisoma utakutana na "limfoma ya Mediterania", utakutana na "ugonjwa wa mnyororo mzito wa alfa", na utakutana na IPSID, ambayo ni kifupi cha jina refu linalomaanisha seli za kinga zinazaliana kupita kiasi kwenye utumbo mwembamba. Hili la mwisho lilishika baada ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kukaa na kuandika waraka mwaka 1976, kujaribu kumaliza ugomvi wa majina. Kimsingi ni ugonjwa uleule umeangaliwa kutoka madirisha matatu, moja la ramani, moja la damu, moja la hadubini. Mi nitautaja kwa hicho kifupi.

Ramani yenyewe: Algeria, Tunisia, Moroko, Misri, Lebanoni, Syria, Iraki, Irani, Uturuki, Israeli, na wagonjwa kadhaa wameripotiwa Afrika Kusini. Madaktari wa Baghdad na wa Shiraz waliandika mengi juu yake. Wanaougua ni vijana, wengi wa miaka ya ishirini na thelathini, wanaume kwa wanawake, na karibu wote wanatoka kwenye familia za kipato cha chini, sehemu ambazo maji ya kunywa na maji ya choo hayako mbali sana. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba kuna mdudu kwenye hii stori, kwa sababu kansa ya kawaida huwa haimwulizi mtu anachota maji wapi. Na kadiri maji safi na vyoo vilivyoboreka kwenye nchi hizo, wagonjwa nao walipungua.

Huku kwetu IPSID siyo jina utakalolisikia wodini. Limfoma iliyotuletea jina duniani ni ya Burkitt, ile Denis Burkitt aliyoiandika mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, watoto wanavimba taya au tumbo. Nitamrudia baadaye kidogo, manake nyuzi za hizi stori mbili zinakutana.

Sasa ili uelewe kansa inaanzaje lazima ujue utumbo unafanya kazi gani nje ya kusaga chakula. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba ndo mpaka mkubwa kuliko yote mwilini kati yako na uchafu wa dunia, kila unachokila kinapita pale na wadudu wake, kwa hiyo mwili umepanga pale askari wengi sana, seli za kinga zinazotengeneza kingamwili aina ya IgA. Ndo kingamwili inayotengenezwa kwa wingi kuliko zote, gramu kadhaa kila siku, inamwagwa kwenye utumbo kushika wadudu wasipenye.

Kingamwili ya kawaida ina umbo kama la manati. Ina minyororo minne ya protini, miwili mizito inayofanya mpini na matawi, na miwili myepesi iliyojishikiza kwenye matawi. Mnyororo mzito wa IgA unaitwa alfa. Kwenye IPSID kundi moja la seli linaharibika kwenye jeni, yale maelekezo ya urithi ndani ya seli, na kuanza kutoa mnyororo wa alfa mfupi, umekatwa kile kipande ambacho mnyororo mwepesi hujishikiza. Yani manati isiyo na pa kufungia mpira. Haishiki mdudu yeyote, na seli zinaendelea kuizalisha tu.

Aliyeiona manati hiyo mbovu kwa mara ya kwanza ni Maxime Seligmann na wenzake Paris, mwaka 1968. Mgonjwa wao alikuwa mwanamke kijana Mwarabu kutoka Syria, ana limfoma ya tumbo na chakula hakishiki mwilini, na kwenye damu yake wakakuta kitu kinachojibu kama IgA lakini hakina mnyororo mwepesi hata mmoja. Ugonjwa ulikuwa unajulikana kabla ya hapo, Israeli na Lebanoni walishaandika juu ya vijana wenye limfoma za ajabu za utumbo, ila sasa ukapata alama ya kupimika.

Na kwa nini antibayotiki zinafanya kazi kwenye kitu ambacho ni kansa? Fikiria ngoma. Wapigaji wanapiga, watu wanacheza, watu wanazidi kuja. Wapigaji ni bakteria waliojikita utumboni kwa muda mrefu, wachezaji ni seli za kinga zinazoitikia. Mwanzoni, hata likishatokea lile kundi lenye jeni mbovu, bado linacheza kwa sababu ngoma inalia, na ukiwafukuza wapigaji kundi linapungua, linatawanyika, wakati mwingine linaisha kabisa. Tatizo ni kwamba seli inayogawanyika kila siku inakusanya makosa mengine kwenye jeni zake, na inafika siku kundi linacheza bila ngoma. Hapo hata ukiua bakteria wote hamna kinachobadilika. Hakuna kengele inayolia siku hiyo ikifika, na mgonjwa hahisi tofauti yoyote asubuhi yake.

Dalili zake zinaudhi kwa jinsi zilivyo za kawaida. Kuharisha kwa miezi, choo kingi na cha mafuta kinachoelea, tumbo kukata na kuachia, kupungua uzito mpaka suruali zinashikiliwa na kamba. Miguu inavimba kwa sababu protini inavuja utumboni. Misuli inakaza na vidole kufa ganzi kwa kukosa kalsiamu. Na kuna moja ambayo ukiiona inafaa ikushtue, ncha za vidole zinavimba na kucha zinabinuka kama mgongo wa kijiko, vidole vya rungu. Hiyo inatokea kwa wagonjwa wengi wa IPSID. Inatokea pia kwenye magonjwa ya mapafu, ya moyo na ya ini kwa hiyo peke yake haisemi kitu, ila mtu anayeharisha miezi minne na ana vidole hivyo siyo wa kupewa ORS na kurudishwa nyumbani.

Na kinachotokea mara nyingi tunakijua. Wiki ya kwanza ni taifodi, ya tatu ni amiba, baadaye ni minyoo, baadaye ni vidonda vya tumbo, baadaye ni mtu kamroga. Anapewa Flagyl, anapata nafuu, anasimama wiki mbili, inarudi. Sasa hiyo nafuu ndo mtego wenyewe. Kwa IPSID antibayotiki ya siku saba inaweza kupunguza kelele za ngoma kwa muda bila kuizima, mgonjwa anaamini amepata dawa yake, akiharisha tena anarudi duka la dawa kununua ileile, na anaendelea hivyo mwaka mzima wakati huko ndani hatua inasogea. Alafu hawa wagonjwa wanaweza kuwa na jiadia, kimelea wa utumbo, kweli kwenye choo, kwa hiyo maabara haijakosea ikisema imemwona mdudu. Imemwona, ila siyo yeye peke yake mwenye kesi.

Magonjwa yanayofanana nao kwa karibu zaidi ni manne hivi. TB ya utumbo, ambayo kwa mazingira yetu ndo ya kufikiriwa mapema kabisa, hupenda pale mwisho wa utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, na kwenye hadubini inaacha vifundo vyake vinavyojulikana. Ugonjwa wa Crohn, ambao ni uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, nao hupenda palepale. IPSID inaanza juu, kwenye duodenamu na jejunamu, yani sehemu ya kwanza baada ya mfuko wa chakula. Wa tatu ni siliaki, wale ambao ngano inawaharibia utumbo, nao unakaa juu, na vinyweleo vya utumbo vinalala chini karibu sawa, lakini mwenye siliaki akiacha ngano anapata nafuu na mwenye IPSID anaweza kula ugali wa mahindi mwaka mzima asione tofauti. (Siliaki nayo ina limfoma yake ya utumbo, tofauti kabisa, ya seli T, ngumu kutibika kuliko hii, hiyo tuiache leo.) Wa nne ni UKIMWI na maambukizi yanayokuja nao, ndo maana kipimo cha HIV ni cha siku ya kwanza, siyo cha kukumbukwa mwishoni.

Vipimo vya damu vinasaidia nusu nusu. Damu itakuwa imepungua, albumini (protini ya damu) chini, kalsiamu chini, vitamini chini, ambavyo vyote vinakwambia tu kwamba chakula hakishiki. Cha maana ni kuutafuta ule mnyororo wa alfa, na hapa kuna mtego wa pili. Kipimo cha kutenganisha protini za damu kwa umeme, ambacho kwa mtu mwenye mayeloma, kansa nyingine ya seli za kingamwili, kinachora mnara mmoja mrefu unaoonekana hata na mwanafunzi, kwa IPSID mara nyingi hakichori mnara wowote. Ile minyororo mifupi inagandana yenyewe kwa yenyewe kwa ukubwa tofauti tofauti kwa hiyo inasambaa kwenye karatasi kama doa la chai, au isionekane kabisa. Daktari anasoma "kawaida", anafunga faili. Inabidi uombe kipimo cha hatua ya pili, kinachotumia kingamwili maalumu kukamata alfa, alafu kapa na lambda ambazo ndo minyororo myepesi. Alfa ikijibu na kapa na lambda zikakaa kimya, umemkamata. Na hata hapo kuna wagonjwa ambao seli zao zinatengeneza hiyo protini lakini haziitoi nje, damu ni safi na ugonjwa upo, na ugonjwa ukishasonga mbele sana protini inaweza kupungua badala ya kuongezeka. Kwa hiyo majibu mazuri ya damu hayafungi kesi.

Kinachofunga kesi ni kinyama.

Hapa naomba nilalamike kidogo. Mtu anapelekwa kupigwa kamera ya tumboni, ile mpira unapita mdomoni, kwa sababu kaandikiwa vidonda vya tumbo. Kamera inafika kwenye mfuko wa chakula, inaonekana kuna wekundu, kinakatwa kinyama kimoja hapo, kinaletwa kwetu na fomu imeandikwa "maumivu ya tumbo", basi. Duodenamu iko sentimita chache mbele. Kamera ileile ingefika bila shida. Tunaandika "mchubuko wa muda mrefu wa mfuko wa chakula, bakteria wa vidonda wameonekana", ambayo ni kweli na haimsaidii huyu mtu chochote, na ameshalipia. Nimeona fomu za namna hiyo nyingi mno. Kuharisha miezi mitatu na kupungua kilo kumi kungeandikwa hapo, yule anayesoma slaidi angepiga simu kuuliza kwa nini duodenamu haijaletwa.

Kamera ikifika pale sahihi inaweza kuona mikunjo iliyonenepa, vinundu vidogo vidogo, sehemu zilizovimba zisizotanuka vizuri, au vidonda. Au ione kawaida, hiyo pia inatokea, ndo maana unakata hata kama macho hayajaona kitu, na unakata vipande vingi, kutoka sehemu tofauti, na mgonjwa akiweza kupata kamera ndefu inayofika jejunamu ni bora zaidi.

Kwenye slaidi kinachoonekana ni umati. Ukuta wa ndani umejaa seli za plazima, wale askari wanaotengeneza kingamwili, zimebanana kiasi kwamba vile vishimo vya utumbo vimesukumwa mbali mbali kama mashina ya migomba kwenye shamba lililofurika maji. Ukizipaka rangi maalumu zinawaka kwa IgA na haziwaki kwa kapa wala lambda. Alafu ndo unakuja upangaji wa hatua, na kuna mfumo wa herufi tatu ambao umetumika tangu miaka ya 1970. Hatua A, seli za plazima zimekomaa, zina sura ya heshima, zimebaki kwenye tabaka la juu la ukuta. Hatua B, seli zimeanza kuwa na sura mbaya na zimeshuka tabaka la chini. Hatua C ni limfoma kamili ya seli kubwa, uvimbe unaoshikika, unaoweza kuziba utumbo au kuutoboa.

Shida iko wazi ukiifikiria. Koleo la kamera linanyofoa milimita mbili tatu za juu tu, na hatua B na C zinaishi chini. Na mitoki ya tumboni inaweza kuwa imeshafika C wakati ukuta wa utumbo bado unaonyesha A. Zamani kwa sababu hiyo madaktari wengi walipendekeza mgonjwa apasuliwe tumbo kabisa, wachukue vipande vya utumbo kwa unene wake wote pamoja na mitoki na kipande cha ini, ndo watoe hatua. Leo siti skani inaonyesha mitoki iliyovimba na ukuta ulionenepa, kuna kamera za kumeza na kamera ndefu, upasuaji unabaki kwa wale ambao picha na kinyama vinapingana. Kwa maoni yangu, hospitali ambayo haina hizo kamera ndefu isione aibu kurudi kwenye njia ya zamani kuliko kumwandikia mtu hatua A kwa kubahatisha.

Matibabu sasa. Hatua A ni tetrasaiklini, kawaida gramu moja mpaka mbili kwa siku zimegawanywa, kwa miezi sita au zaidi, au mchanganyiko wa Flagyl na ampisilini, pamoja na kuua minyoo na jiadia kama wapo. Ripoti za miaka mingi zinasema wanaopona kiasi cha ugonjwa kutoonekana tena ni kati ya asilimia 33 na 71. Pengo hilo kubwa lina sababu, wagonjwa ni wachache, kila hospitali imepima wake, na wengine waliohesabiwa A nina uhakika hawakuwa A. Kuharisha huwa kunapungua ndani ya wiki chache, lakini hiyo siyo alama ya kupona, kinachoangaliwa ni kinyama kipya na mnyororo wa alfa kutoweka kwenye damu. Miezi ikipita bila badiliko la maana, hamna kung'ang'ania vidonge, mtu anahamia kemo.

Na tafadhali usisome hapa ukaenda kununua kapsuli. Tetrasaiklini hairuhusiwi kwa mjamzito wala kwa mtoto chini ya miaka 8, inaharibu meno na mifupa inayokua. Ngozi inaungua jua kirahisi. Na kuna kitu kimoja ambacho hata wauguzi husahau: maziwa, kalsiamu na madini ya chuma vinaikamata tetrasaiklini tumboni isiingie mwilini, na huyu mgonjwa ndo hasa anayehitaji kalsiamu na chuma, kwa hiyo lazima zipishane kwa saa kadhaa, siyo kumeza vyote kwa glasi moja ya maziwa asubuhi ili "vipate nguvu".

Lishe hapa siyo nyongeza ya kupamba. Mtu anafika ana kilo 38, ukimpiga kemo siku hiyohiyo unaweza kummaliza kabla kansa haijammaliza. Kwanza anarudishiwa maji, potasiamu, magnesiamu, kalsiamu, albumini inapandishwa kwa chakula, anapewa vitamini A, D, E na K ambazo zinahitaji mafuta kushika, foliki na B12, wengine wanahitaji kulishwa kwa mshipa kwa muda. Taratibu, manake mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa kwa pupa madini ya damu yanayumba na moyo unaweza kusimama.

Hatua B na C ni kemo, na iliyozoeleka ni ule mchanganyiko wa dawa nne unaoitwa CHOP, ndani yake kuna ile nyekundu inayofanya mkojo uwe mwekundu na ndugu wakaogopa wakidhani ni damu. Inatolewa kila baada ya siku 21, mara nyingi mizunguko sita. Ile nyekundu inagusa moyo kwa hiyo moyo unapimwa kwanza. Antibayotiki zinaendelea pembeni. Madaktari wa Tunisia pamoja na Wafaransa walichapisha mwaka 1989 matokeo ya wagonjwa 21 waliofuatiliwa kwa utaratibu huo wa kugawanya kwa hatua, antibayotiki kwa wa mwanzo na kemo kwa waliosonga, na kwa ugonjwa adimu hivi wagonjwa 21 ni wengi. Kuna watu wanauliza rituksimabu, dawa ya kisasa inayoshika alama ya CD20 juu ya seli. Tatizo ni kwamba seli za plazima huwa zimeshaivua hiyo alama, kwa hiyo inashika zile seli changa na zile kubwa zenye CD20 na kuziacha nyingine, ndo maana unaangalia slaidi kwanza kama alama ipo kabla mtu hajauza shamba. Na homa ya ini B ipimwe kabla yake, manake inaweza kuiamsha.

Hatari moja ambayo ndugu wanaosubiri nje ya wodi wanapaswa waambiwe mapema: uvimbe ukiwa umekula ukuta wa utumbo kwa unene wake wote, kemo ikiuua haraka panabaki tundu. Maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao wiki ya kwanza au ya pili ni kumwita daktari wa upasuaji usiku huohuo, hamna kusubiri raundi ya asubuhi.

Nilisema nitarudi kwa Burkitt. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London kwenye hospitali ya Middlesex, na mtafiti mmoja aliyekaa kusikiliza, Anthony Epstein, akaanza kutumiwa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala mpaka mwaka 1964 yeye na wenzake wakaona kirusi ndani yake. Hiyo ilikuwa kansa ya binadamu iliyohusishwa na kirusi. Sasa mmoja wa wanapatholojia waliofanya kazi na Burkitt hapo Makerere alikuwa Dennis Wright, na huyuhuyu Wright, akiwa amesharudi Uingereza, ndo aliyeandika na Peter Isaacson mwaka 1983 kwamba limfoma fulani za mfuko wa chakula zinafanana na ile limfoma ya Mediterania, zote zinaanzia kwenye askari wa ukutani. Miaka kumi baadaye, 1993, kundi la Isaacson likawapa antibayotiki wagonjwa sita wenye limfoma ya mfuko wa chakula na bakteria wa vidonda vya tumbo, na kwa watano kati yao uvimbe ukayeyuka. Dunia ikashangaa, wakati madaktari wa Mediterania walishakuwa wanaona kitu kama hicho utumboni tangu miaka ya 1970, tatizo lao lilikuwa moja tu, hawakuwa na jina la mpiga ngoma.

Jina lilikuja 2004. Timu ya Ufaransa iliyoongozwa na Marc Lecuit ilikuwa na mgonjwa wa IPSID aliyeitikia antibayotiki vizuri mno, wakachukua kinyama chake na kutafuta jeni za bakteria wakakuta Campylobacter jejuni, mdudu wa kuku wasioiva, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu, ambaye kwa wengi wetu ni kuharisha wiki moja basi. Mgonjwa mmoja siyo ushahidi, kwa hiyo wakaenda kabatini wakatoa vinyama vya wagonjwa wengine sita vilivyokuwa vimehifadhiwa. Wanne walikuwa na Campylobacter. Wawili hawakuwa naye, na mamilioni ya watu wanaoharisha kwa mdudu huyu hawapati limfoma yoyote, kwa hiyo mpiga ngoma anaweza kuwa zaidi ya mmoja na mwili wa mtu mwenyewe unachangia.

Waliopona hatua A wanafuatiliwa kwa miaka, kamera na vinyama vinarudiwa, manake inaweza kurudi na ikirudi inaweza kurudi ikiwa C. Na kila kinyama kipya kinawekwa pembeni ya kile cha kwanza vilinganishwe. Hiyo inawezekana kama kile cha kwanza bado kipo. Kila mwaka kabati letu likijaa kuna mtu wa utawala anakuja kuuliza kama vile vibloku vya nta vya zamani havijawahi kuombwa na mtu, si vitupwe tu, na kila mwaka namhesabia wale sita wa Wafaransa.